Mpiga tarumbeta akistaafu jeshini, asirudi nyumbani mikono mitupu

Lubumbashi, kwetu Kongo, ni mji wa fanfari, bendi za matarumbeta. Mitaa ya Katuba, Kenya, Ruashi, kote Jumapili utazisikia, na ile ya Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, utaitambua kwa kijani na nyeupe kabla haijapuliza. Wao wana sababu yao ya kupulizia hapa: Kimbangu, nabii wao, alifungwa mwaka 1921 na akafia katika gereza la mji huu, Oktoba 1951.

Mimi nilianzia fanfari ya parokia. Jeshi likanichukua kwa kuwa nilijua kusoma solfeji, yaani noti za muziki, na uzeeni nimerudi mtaani. Wengi tumepita njia hiyo, nami naona inakatikia mahali pamoja: siku ya kustaafu. Mtu anarudisha tarumbeta ghalani pamoja na sare, basi. Ujuzi wa maisha mazima unakwenda kukaa barazani.

Asiyepuliza hajui hasara yake. Tarumbeta ina pistoni tatu tu, vile vitufe vya kubonyeza: ya kwanza inashusha sauti hatua nzima, ya pili nusu hatua, ya tatu hatua moja na nusu. Mengine yote ni midomo na pumzi, na midomo ni misuli. Ikae wiki chache bila kazi, sauti za juu zinakukimbia. Ndiyo maana kambini tulianza kila asubuhi na sauti moja ndefu, tulivu, kabla ya wimbo wowote. Kijana hawezi kulipata hilo kwenye simu. Lazima mtu asimame karibu naye, asikie pumzi inapokatika.

Na chombo chenyewe kinataka mtu anayekijua. Mwalimu wangu alikuwa akichomoa bomba la mbele, analielekeza kwenye mwanga na kutuonyesha madoa mekundu ndani. Tarumbeta ni shaba iliyochanganywa na zinki. Mate yakibaki humo, zinki inaliwa, shaba inabaki peke yake, bomba linaoza. Maji ya uvuguvugu na kitambaa vingeliokoa. Inaniuma kwamba shaba tunaikanyaga, zinki iko Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, katika mgodi uliolala tangu 1993 hadi ulipofunguliwa tena 2024, lakini watoto wetu wanne wanapokezana tarumbeta moja iliyotoka ng'ambo.

Hatuanzi leo kuupeleka muziki wa kambi mtaani. Babu zetu waliziangalia bendi za askari wakaunda ngoma ya mbeni, iliyotoka pwani ya Kenya ikafika hadi Katanga, na vyeo vyake na gwaride lake. Walichukua walichokipenda wakakifanya chao.

Kwa hiyo naomba mawili. Jeshi limwachie mstaafu chombo kilichochakaa. Afadhali kifundishie watoto kuliko kuozea ghalani. Na familia zinazoita fanfari kwenye kilio ziwalipe wapigaji. Nimeona kilio chenye msafara wa magari na vinywaji tele, huku waliopuliza juani toka nyumbani hadi makaburini wakipewa soda na asante. Mafuta ya pistoni hayanunuliwi kwa asante.

Parokia imeniazima baritoni, chombo cha kupuliza kikubwa kuliko tarumbeta, na kila Jumamosi nafundisha vijana Katuba. Wazee wenzangu mlioko Kamalondo na Kampemba, njooni. Wa tromboni hatuna kabisa, na watoto wawili wanamngojea.