Kidole kidogo na herufi A: kuchagua kibodi isiyochosha mikono

Chukua kibodi iliyotumiwa miaka miwili mitatu na mtu anayeandika Kiswahili kutwa, uiangalie kwenye mwanga. Kitufe cha A kitakuwa kimeng'aa kuliko vyote, pengine na alama yake imeshafutika, huku Q na X zikiwa kama zilivyotoka kiwandani. Yangu ilifika hapo. Kisha kidole kinachobonyeza A, kile kidogo cha mkono wa kushoto, kikaanza kuuma kila jioni, na maumivu yakawa yanashuka pembeni mwa kiganja hadi kwenye kifundo cha mkono.

Nilipoanza kuuliza nifanye nini, nilikuta watu wako kambi mbili. Kambi moja inasema kibodi ni kibodi: rekebisha unavyokaa, pumzika mara kwa mara, usimwage pesa. Nyingine inasema tatizo ni chombo chenyewe, kwa hiyo tafuta kibodi ya mekanika, au iliyogawanywa katikati, au badili kabisa mpangilio wa herufi. Nimezisikiliza zote mbili kwa makini, maana mkono ulikuwa wangu. Naona wa kwanza wako sahihi kuhusu kinachotakiwa kutangulia, na wa pili wako sahihi kuhusu jambo moja tu ambalo wenzao hulipuuza, yaani uzito wa kitufe, nguvu kinayodai ili kishuke. Mengine mengi wanayoyasifia yana gharama wasiyoitaja.

Mkao kwanza. Geuza kibodi yako utaona vijiguu viwili vya kukunjua upande wa nyuma. Karibu kila mtu huvisimamisha, kwa kuwa herufi zinaonekana vizuri zaidi kibodi ikiinuka. Lakini kibodi ikiinuka nyuma, viganja navyo vinalazimika kukunjika kwenda juu. Kano zinazovuta vidole hupita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo, pamoja na mshipa wa fahamu, na kifundo kikikunjika mbano ndani ya njia hiyo huongezeka. Kunja vijiguu, kibodi ilale. Halafu tazama viwiko: vikiwa chini ya usawa wa vitufe, mabega yatapanda yenyewe bila wewe kujua. Meza nyingi ziko juu mno kwa kuchapa, zilitengenezwa kwa ajili ya kuandika kwa kalamu. Inua kiti, na miguu ikining'inia weka kitu chini yake.

Wanaotumia laptopu wana tabu yao peke yao, kwa sababu kioo na kibodi vimefungwa pamoja. Ukiiweka chini shingo inainama, ukiiinua mikono inapaa. Hapo kibodi ya pembeni, hata ya bei ya chini kabisa, huku laptopu ikiwa juu ya rundo la vitabu, inasaidia kuliko kibodi ghali iliyokosewa mahali pa kukaa.

Kuna na suala la kipanya, ambalo wengi hulisahau wakizungumzia kibodi. Ile sehemu ya tarakimu iliyo kulia inachukua sentimita 8 hivi, na kipanya kinakaa mbele yake. Kwa hiyo kila mara unapokifuata unafungua mkono wa kulia kwenda nje, siku nzima, kwa ajili ya vitufe ambavyo pengine unavigusa mara tatu kwa wiki. Mhasibu anavihitaji, simwambii aviache. Mwandishi, mwanafunzi au mtu wa barua pepe atapata nafuu ya bega kwa kuchukua kibodi isiyo na sehemu hiyo, yenye vitufe 87 au 88 badala ya 104 au 105. Kibodi ndogo zaidi zipo, za vitufe 61, ila hizo zimeondoa hata mishale, na kuitafuta mishale kwa kushikilia vitufe viwili pamoja ni kazi mpya unayompa yule yule kidole kidogo.

Sasa uzito, ambao ndio ulionifanya niandike makala haya. Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya kazini: "Nimepata barua yako na nitaijibu kesho asubuhi." Ina herufi 40. Hesabu A zilizomo: ni 8. Herufi moja kati ya kila tano inaangukia kidole kilicho dhaifu kuliko vyote, na hapo hujaongeza Shift, Tab, wala Ctrl ya kunakili na kubandika, ambazo nazo zimepangwa upande huo huo. Lugha yetu ndivyo ilivyo: wa, ya, za, ka, na, ma. Tuseme unaandika herufi 10,000 kwa siku, na uwiano ni kama wa sentensi ile. Kidole hicho kinabonyeza A mara 2,000. Kitufe kikihitaji gramu 20 zaidi ya kingine, tofauti inajikusanya hadi kilo 40 kwa siku, juu ya kidole kimoja.

Uzito huo unaweza kuupima nyumbani. Weka kibodi juu ya mizani ya jikoni ya kielektroniki, hakikisha haigusi meza, irudishe kwenye sifuri, kisha bonyeza A polepole sana huku ukitazama namba hadi herufi itokee kwenye kioo. Nilirudia mara nyingi kwa sababu mizani hizi hazisomi haraka. Kibodi yangu ya zamani ilikuwa inacheza kati ya 65 na 70. Sikuwa na habari kwamba kitu nilichokigusa kila siku kwa miaka kilikuwa kinadai nguvu kiasi hicho.

Hapa ndipo hoja ya kibodi za mekanika inapoingia, na inafaa kuisikiliza bila ushabiki. Kibodi za kawaida zina shuka la raba lenye vikuba vidogo chini ya vitufe. Kikuba hugoma mwanzoni, kisha huporomoka ghafla, na kwa kawaida herufi haitoki mpaka kidole kifike chini kabisa. Ya mekanika ina swichi na springi yake chini ya kila kitufe. Kwenye swichi za kawaida za Cherry MX, ambazo hutofautishwa kwa rangi, kitufe kinazama milimita 4 lakini herufi inatoka kikifika milimita 2, kwa hiyo kidole si lazima kigonge sakafu. Faida kubwa zaidi ni kwamba unachagua uzito: nyekundu ni gramu 45 hivi na inashuka laini, nyeusi ni kama 60, buluu inatoa mlio na iko karibu na uzito wa nyeusi, kahawia ina kinundu kidogo cha kukuambia herufi imetoka.

Upande wa pili wa hoja ni mzito vilevile. Kuwa ya mekanika hakumaanishi kuwa nyepesi. IBM Model M, kibodi ya springi inayopinda iliyoanza mwaka 1985, ina wapenzi hadi leo kwa jinsi inavyojibu kidole, na inahitaji zaidi ya gramu 60. Mtu anaweza kuipenda sana na ikawa inamchosha. Pili, nyingi ni nene. Ukingo wa mbele uko juu kiasi kwamba kiganja kinakunjika kuufuata, na ile faida ya kukunja vijiguu inapotea yote. Wauzaji hukupa mto wa kuegemeza viganja, lakini mto huo ni wa kupumzikia unaposoma. Ukiuegemea huku unachapa unakandamiza sehemu ile ile ya kifundo uliyotaka kuiokoa. Kelele ya swichi za buluu sina la kuieleza, muulize anayekaa chumba kimoja na mtumiaji wake.

Kwa hiyo kwangu swali la kwanza dukani ni uzito, na la pili ni unene. Aina ya ndani inakuja baadaye. Kibodi nyembamba yenye swichi fupi za gramu 45 inamfaa mtu wa kawaida kuliko ile kubwa inayosifiwa, na kibodi ya raba iliyo nyepesi na bapa inaishinda ya mekanika iliyo nzito na nene, hata kama ya pili inagharimu mara kumi.

Kibodi zilizogawanywa katikati zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mjerumani Klockenberg alipendekeza wazo hilo mwaka 1926, enzi za taipureta, mtafiti Kroemer akalirudisha mwaka 1972, na mwaka 1994 Microsoft ikaliingiza maofisini kwa kibodi yake ya Natural. Mantiki yake ni safi. Mikono inatoka mabegani ikiwa imeachana, lakini kibodi iliyonyooka inaileta pamoja, halafu inavilazimisha viganja vipinde kwenda nje ili vidole vilale sawa kwenye mstari. Ukiitenganisha, vifundo vinanyooka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuata watu 80 wenye maumivu ya mikono kwa miezi 6, na waliopewa Microsoft Natural walieleza kupungua kwa maumivu kuliko waliopewa kibodi ya kawaida. Lakini madaktari walipowapima, vipimo havikuonyesha nafuu inayolingana na hiyo. Kila kambi hunukuu nusu inayoipendeza. Mimi nazichukua zote mbili: maumivu kupungua ni jambo la maana kwa mwenye mkono, ila asiahidiwe tiba.

Gharama yake ni muda. Nilipoazima moja kwa wiki tatu, kilichonishinda ni B. Kwa miaka nilikuwa naibonyeza kwa mkono wa kulia, nayo kwenye kibodi hiyo iko kipande cha kushoto. Kila "habari", "kabla", "baada", kidole cha kulia kilitumbukia kwenye nafasi tupu. Wiki ya kwanza nilichapa nusu ya mwendo wangu. Ya tatu nilikuwa nimezoea, na vifundo vilikuwa vimetulia kweli. Mwenye mabega mapana au anayechapa saa sita kwa siku, ningemshauri avumilie. Kwa anayeandika barua chache na kutazama vitufe, haina haja. Kibodi hizi humdai mtu anayechapa bila kutazama.

Kubadili mpangilio wa herufi ndiyo shauri ninalolikataa kwa anayeandika Kiswahili. August Dvorak, Mmarekani, alisajili hataza ya mpangilio wake mwaka 1936 akifuata mahesabu ya Kiingereza, na Colemak, mpangilio mwingine wa mwaka 2006, ilifuata njia hiyo hiyo. Haki itendeke: Dvorak ameweka irabu zote tano upande wa kushoto na konsonanti nyingi kulia, na kwa kuwa silabi zetu nyingi ni konsonanti kisha irabu, mikono inapokezana vizuri. Lakini tazama A iko wapi. Kwenye mpangilio wa kawaida iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, kwenye Dvorak iko pale pale, kwenye Colemak pale pale. Unajifunza upya kwa miezi, unakuwa mgeni kwenye kila kompyuta ya mtu mwingine, na mzigo uliokuumiza haujasogea hata kitufe kimoja. Dvorak anakuongezea na K na Y mkono ule ule.

Mimi niliishia na kibodi bapa isiyo na sehemu ya tarakimu, ya gramu 45, vijiguu vimekunjwa. Maumivu ya jioni yaliisha baada ya kama mwezi, na siwezi kukuapia kama ni uzito au ni vijiguu, kwa kuwa nilibadilisha vyote wiki moja.

Lakini maumivu ya kuchoka si sawa na ganzi. Ganzi ya dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ikikuamsha usiku, huelekeza kwenye mshipa unaobanwa katika kifundo. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete mara nyingi hutokea kwenye kiwiko, kwa mfano kwa anayekiegemeza mezani akizungumza na simu. Ukifika hapo ahirisha ununuzi, nenda ukapimwe kwanza.