Uvimbe wa korodani zote mbili: ultrasaundi, MRI au kisu?

Madaktari wa upasuaji wana kanuni ngumu kuipinga: uvimbe mgumu ndani ya korodani ya kijana uhesabiwe saratani mpaka vipimo vikatae. Ni kanuni inayookoa maisha, lakini inawaumiza wagonjwa wa kundi moja dogo, wale waliorithi hitilafu ya tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Kwa zaidi ya asilimia 90 yao, kimeng'enya kilichopungua ni 21-hidroksilezi, kinachosaidia kutengeneza homoni ya kotisoli. Kotisoli haitoshi, ubongo unazidi kumwaga ACTH, homoni inayoamrisha adrenali zifanye kazi, na masalia ya chembe za adrenali yaliyobaki ndani ya korodani tangu tumboni mwa mama yanachochewa na kuvimba. Uvimbe huo si saratani, ila ukibana mirija ya mbegu kwa miaka mingi, mwanamume anakuwa mgumba.

Mvulana mwenye hitilafu hii ambaye mwili wake haupotezi chumvi anaweza kufikia utu uzima bila ugonjwa kujulikana, kwa kuwa alizaliwa na maumbile ya kawaida. Dalili zake zilipita zikionekana baraka: nywele za sehemu za siri mapema, urefu wa ghafla akiwa mdogo, kisha kubaki mfupi kuliko wenzake. Anayepima asipomuuliza hayo, picha peke yake itamdanganya.

Hospitali za rufaa za mkoa wa Dar es Salaam kama Amana, Temeke na Mwananyamala hutegemea ultrasaundi kwa kazi hii, na inatosha ikifanywa kwa makini. Tumia proba (kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) bapa ya megahezi 7 hadi 15, weka taulo chini ya korodani, pima pande zote mbili hata kama analalamikia moja. Mabonge ya adrenali kwa kawaida huwa mawili, kushoto na kulia, meusi kuliko nyama ya korodani, na yamejikusanya pale mirija ya mbegu inapokutana. Yaliyo chini ya sentimita 2 mara nyingi hayashikiki kwa vidole. Kwenye Doppler, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, mishipa ya damu hupita ndani ya bonge bila kusukumwa pembeni. Andika urefu, upana na kimo cha bonge, vizidishe pamoja, kisha zidisha kwa 0.52 upate ujazo. Bila namba hiyo, picha ya miezi sita baadaye haina cha kulinganishwa nayo.

Mara nyingi hapo ndipo ombi la MRI (picha ya mashine ya sumaku) linapoandikwa. Ni gharama isiyo ndogo, na inajibu swali lisiloulizwa. Kwenye T2, aina mojawapo ya picha za MRI, bonge la adrenali huwa jeusi, na saratani nyingi za korodani ni nyeusi vilevile. MRI inafaa kuonyesha mipaka kabla ya upasuaji wa kutoa bonge na kuacha korodani, au pale uvimbe upo upande mmoja na mbali na mirija. Kutenganisha magonjwa ni kazi ya damu: homoni za 17-hidroksiprojesteroni, androstenedioni na ACTH, zinazopanda katika hitilafu hii, pamoja na alama za saratani, yaani AFP, hCG na LDH.

Wanaotaka kisu haraka wana hoja moja nzito: alama za saratani zikiwa sawa hazimalizi shaka, kwa sababu seminoma, aina mojawapo ya saratani ya korodani, inaweza kukua bila kuzipandisha. Nao wanaoongeza kwanza dawa ya steroidi, inayojaza pengo la kotisoli, wanasema bonge litanywea. Mara nyingi hunywea, lakini limfoma, saratani ya chembe za kinga, nayo hunywea kwa steroidi kwa muda, na limfoma ndiyo inayopenda korodani zote mbili za wazee. Kwa hiyo kunywea si ushahidi wa peke yake. Upande wa pili, bonge la miaka mingi limeshajaa kovu. Lisipopungua usikimbilie kusema ni saratani.

Kwa maoni yetu, pande zote mbili zikihusika, homoni zikiwa juu na mahali pakiwa penyewe, dawa itangulie na ultrasaundi irudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita, huku ukifuatilia uzito, shinikizo la damu na sukari. Upande mmoja na homoni za kawaida, daktari wa upasuaji apewe nafasi.

Na akipelekwa chumba cha upasuaji, timu ya usingizi ijue ugonjwa wake mapema. Mtu mzima hupewa haidrokotizoni (kotisoli ya dawa) miligramu 100 mshipani wakati wa kulazwa usingizi, kisha miligramu 200 kwa saa 24. Bila hiyo, shinikizo la damu linaweza kuporomoka mezani hata kama damu haikumwagika.