Sensa Mpya, Waya Uleule

Kwenye droo yangu kuna sensa mbili za joto la maji ya injini, zote nzima. Nilizinunua kwa gari moja, mwezi mmoja. Ile ya zamani iliyokuja na gari ndiyo inayofanya kazi mpaka leo.

Gari lilikuwa linatoa moshi mweusi, linakunywa petroli kama limetobolewa tangi, na taa ya injini haizimiki. Fundi akachomeka mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari, ikatoa namba ya kosa: P0118. "Sensa imekufa," akasema. Nikanunua, taa ikarudi. Akasema ile niliyoleta ni feki. Nikanunua nyingine, taa ikarudi tena.

Namba ile haitamki popote kwamba sensa imekufa. Inasema volti kwenye njia ya sensa ziko juu mno, na njia ni sensa, soketi, nyaya, hadi kompyuta yenyewe. Waya ukikatika, kompyuta nyingi husoma nyuzi 40 chini ya sifuri, na baadhi huamini hivyo, basi humimina petroli kupasha moto kitu ambacho tayari kinachemka. Ukiona −40 kwenye mashine wakati umevaa fulana na jasho linakutoka, hapo shauku ya kwenda dukani ipungue kidogo.

Kipande cha waya kingetosha kuniokoa. Chomoa soketi ya sensa hiyo, unganisha matundu yake mawili kwa waya huo, tazama kipimo cha joto kwenye mashine. Kikiruka kutoka −40 hadi zaidi ya 100, basi nyaya na kompyuta vinasikilizana, ilaumu sensa. Kisipotikisika, kosa liko kwingine njiani, si kwenye sensa. Tafadhali, mchezo huu ni wa sensa ya joto yenye waya mbili tu. Kwenye ya waya tatu unaweza kuunguza au kuzima volti 5 ambazo sensa nyingine nazo zinazitegemea.

Waya wangu ulikatikia ndani ya ganda, sentimita chache kutoka kwenye soketi. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Fundi wa pili aliuvuta polepole kwa vidole, ganda likanyumbuka kama mpira: shaba ndani haikuwepo. Mita ya kupimia umeme peke yake hudanganya, kwa sababu unyuzi mmoja uliobaki unatosha kuifanya ilie. Ndiyo maana anayejua kazi huupinda na kuutikisa waya huku anapima.

Sasa kuunga. Kusokota ncha mbili na kuzungushia tepu nyeusi sikubali, hata kwa "muda tu". Joto la injini huyeyusha gundi ya tepu, maji huingia, na shaba hugeuka unga wa kijani. Ukate mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni mbali kuliko ulivyotaka. Mimi napenda kiungio cha kubana kwa koleo lake halisi, kikifunikwa na mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Wengine hula kiapo kwa risasi ya kuchomea. Ni nzuri, ila hukakamaza waya, na mtetemo huukatia palepale ukakamavu unapoishia. Sensa ya oksijeni usiichomee risasi hata kidogo, maana nyingi huvuta hewa kupitia nyuzi za waya wake. Na kama unaunga nyaya kadhaa, viungo visikae sambamba, la sivyo unajitengenezea fundo nene linalosagana.

Fundi yule alitumia karibu saa nzima, muda mwingi akiwa ameinama tu, anapapasa. Aliponitajia ujira wake nikaanza kubishana. "Si waya tu?" nilimwambia, mimi niliyelipia sensa mbili bila kuuliza swali.