Krismasi ya pilau na wanaoikataa

Desemba ikishaingia, huku Masasi na Ndanda, mkoani Mtwara, hukosi kumsikia mhubiri na spika yake pale stendi: Krismasi haimo kwenye Biblia, 25 Desemba ni sikukuu ya mungu jua wa Warumi, na Mkristo anayepika pilau siku hiyo anaabudu asichokijua. Maneno hayo sasa yamehamia kwenye magrupu ya WhatsApp ya jumuiya, na akina mama wanaonunulia watoto nguo za sikukuu wanasemwa kana kwamba wamerudi kwenye mizimu.

Mhubiri ana pake alipopatia. Luka anatupa wachungaji na hori, tarehe hatupi. Kumbukumbu ya kwanza ya kuadhimisha 25 Desemba inatoka Roma, mwaka 336, na kweli Kaisari Aurelian alishamjengea mungu jua hekalu mwaka 274. Ila kutoka hapo hadi kusema Kanisa liliiba sikukuu, bado kuna ngwe ndefu ya kulima. Wapo wanahistoria wanaosema tarehe ilipatikana kwa kuhesabu miezi tisa kuanzia 25 Machi, siku ambayo baadhi ya Wakristo wa kale waliamini kuwa Yesu alitungwa mimba, tena ndiyo aliyosulubiwa. Ubishi huo haujaisha.

Lakini tuseme ilitoka kwa wapagani. Halafu?

Mtu wa Masasi ana haki ya kuuliza hivyo kuliko wengi. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika huku mwaka 1876, Askofu Edward Steere akiwaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar kupitia Lindi, wakawakuta Wamakua na Wayao na jando lao. Wamisionari wengine walilipiga vita. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alilichuja: palipokuwa na tambiko kwa mizimu akaweka sala, mafundisho ya matusi akayatoa, na wavulana wakaendelea kwenda porini na kurudi watu wazima. Sasa chukua kipimo cha mhubiri wetu, kwamba jambo lililoanzia kwa wapagani halitakasiki, ukipeleke hapo. Babu wa nusu ya waumini wanaomsikiliza aliingia utu uzima kwa dhambi. Ngoma inayopigwa wakati wa kutoa sadaka nayo itoke, vigelegele vitoke, na pete ya ndoa isisahauliwe, maana Warumi walivishana pete kabla ya Ukristo. Sijasikia akifika huko. Wenzake wa Massachusetts, Wapuriti wa koloni la Waingereza huko Marekani, angalau walikuwa na msimamo: kuanzia 1659 hadi 1681 aliyekamatwa akisherehekea Krismasi alitozwa shilingi tano. Sheria ikafutwa, sikukuu ikabaki.

Kinachoniuma zaidi ni pilau yenyewe kudharauliwa. Huku kwetu mtaa una msikiti na kanisa, na Waislamu ndio wengi. Nyumba nyingi za Kikristo asubuhi ya Krismasi humwita jirani Mwislamu aje achinje kuku au mbuzi, ili chakula kiwe cha wote. Mchana mtoto anatumwa na sahani iliyofunikwa kawa: "Mama kasema tule sikukuu." Idi ikifika, sahani inarudi na biriani. Hakuna aya inayoamuru haya, wala hayo ya kuku na kisu hayakuletwa na Warumi. Ila kwa jirani yule ambaye hataingia kanisani maisha yake yote, habari kwamba amezaliwa Mtoto inamfikia kupitia sahani hiyo. Ukiifuta kwa jina la usafi wa imani, sijui umempelekea nini badala yake.

Hata hivyo, wanaoikataa Krismasi wana hoja moja ambayo sisi tunaoila tunaikwepa, nayo haihusu Roma. Ni kangomba, yaani kuuza korosho kwa mlanguzi nje ya mnada. Mkulima wa Newala au Tandahimba anayetaka nguo za watoto kabla malipo ya mnada hayajaingia anamuuzia mlanguzi korosho kwa bei ya kutupa, nyingine zikiwa bado juu ya mti. Mtoto anavaa suti siku moja, na Januari ada na madaftari yanakopewa tena. Hapo sina utetezi. Paulo aliwaambia Warumi, sura ya 14, kwamba aadhimishaye siku huiadhimisha kwa Bwana. Sidhani kama aliyeuza mavuno yake namna hiyo ili asichekwe na majirani anaingia humo.

Ila mahubiri ya mkesha hayamsaidii huyo, pesa imeshaliwa. Minada kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, na mlanguzi huwa ameshapita mashambani. Padri, mchungaji na mhubiri wa stendi, wote watatu, wangeanza kusema Septemba.