Lenzi ya 400 haijafa: hesabu ya mtumbwini Dunga

Anayetafuta lenzi ya kwanza ya ndege, Kisumu au Nakuru, huambiwa anunue zumu ya 150-600 (milimita; namba ikiwa kubwa, ndege huonekana karibu zaidi). Ile 400 f/5.6 isiyo na zumu (f ni kipimo cha tundu la mwanga: namba ikikua, tundu hupungua), kama ya Canon iliyotoka mwaka 1993 na sasa hupatikana mitumba tu, hudharauliwa: ni fupi na haina kitulizaji cha mtikisiko.

Ziwa Nakuru zumu inastahili sifa. Mbugani hushuki garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, kwa hiyo ndege humfuati. Mfuko wa maharagwe dirishani, injini imezimwa, na 600 inakuletea mwari karibu. (Saa sita mchana sahau: hewa ya ufukweni ikitetema kwa joto, urefu wa lenzi hausaidii kitu.)

Mtumbwini Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria karibu na Kisumu, ni habari nyingine. Kitulizaji hutuliza mkono wako, hakimtulizi mdiria anayepiga mbizi. Huyo anataka shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/2000, na kwa kasi hiyo mtikisiko wa mkono haukusumbui sana. Tena 400 ya Canon ina kilo 1.25, utaibeba asubuhi nzima. Zumu hizo hukaribia kilo 2, na furukombe hangoji mkono upumzike. Tena nyingi hulegea makali zikifika 600, mpaka ubane tundu lake hadi f/8. Kutoka f/5.6 hadi f/8 umepoteza nusu ya mwanga: ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, inatoka 800 inakuwa 1600.

Kinachowatisha watu ni ukubwa wa ndege. Kwa 600 anajaza eneo mara 2.25 ya lile la 400. Sawa, ikate picha ya megapikseli 24 kwa kiasi hicho: zinabaki kama 10.7, yaani pikseli 4000 kwa 2667. Karatasi ya A4 kwa pikseli 300 kwa inchi inataka 3508 kwa 2480. Kwa hiyo bado una chenji. Picha yenye ukungu, hata iwe na megapikseli zote 24, haina chenji.

Chini ya miti ya Kakamega, shorobo buluu ametulia tawini kwenye giza na shata imeshuka 1/125, 400 inashindwa kwa kukosa kitulizaji. Hapo sibishani.

Ukiipata ya mitumba, mulika vioo kwa tochi ya simu utafute kuvu. Kisha tazama swichi ya ubavuni inayoweka umbali wa karibu kabisa wa fokasi. Ikiwa imeachwa kwenye mita 8.5, gonoleki, ndege wa mafunjo, akichomoza mita tano kutoka mtumbwini, fokasi haitamshika, na utaidhania lenzi mbovu bure. Irudishe kwenye 3.5.