Video itumwe kabla, Zoom ibaki kwa mikono

Mafunzo mengi ya vifaa tiba kwa njia ya mtandao huenda hivi: mkufunzi anafungua Zoom, anashea skrini, anacheza video ya dakika 40, kisha anauliza kama kuna swali. Kimya. Vyeti vinaandaliwa. Kwa maoni yangu hapo hakuna aliyefundishwa, na mtandao unasingiziwa bure.

Video ikichezwa ndani ya Zoom hukatakata, na mara nyingi haina sauti kabisa kwa sababu mkufunzi hakuweka tiki kwenye kisanduku cha kushea sauti ya kompyuta. Faili ileile ikitumwa siku mbili kabla, fundi anaipakua kwa bando la usiku na kuirudia anapokwama.

Chukua konsentreta ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika, yaani mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani. Igawe kazi vipande: kuosha chujio la nje, kubadilisha la ndani, kupima kiwango cha oksijeni. Kila kipande dakika 3. Kwa ubora wa picha wa 720p na megabiti 1.5 kwa sekunde, hiyo ni kama MB 34. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida inaminywa hadi namba za flomita (kipimo cha mtiririko wa oksijeni) hazisomeki. Kamera ikae nyuma ya bega la fundi, ili kushoto kwa mtazamaji kuwe kushoto kwa mtendaji. Funga fokasi, la sivyo kila mkono unapopita picha inapata ukungu.

Kipindi cha mubashara sasa ni cha wanafunzi. Kila kituo kiwe na mashine, simu kwenye stendi, na mtu wa pili wa kuisogeza. Zaidi ya vituo sita mkufunzi mmoja haoni kitu. Chujio la sponji lioshwe mapema na likauke kabisa, na hapa ndipo watu huwa na haraka: unyevu ukivutwa hadi kwenye zeolaiti, yaani chembechembe za madini zinazonasa naitrojeni ya hewa ndani ya mashine, zeolaiti hiyo haishiki tena naitrojeni ipasavyo. Mashine iwashwe, iachwe itulie kwa muda uliotajwa kwenye kitabu chake, flomita iwekwe lita 5, ndipo kiwango cha oksijeni kisomwe. Iliyo nzima hutoa karibu 93%. Ikiwa chini ya 82%, iondolewe wodini.

Kuna tatizo ambalo hata wakufunzi wazoefu hawalitambui. Zoom huchuja kelele, na kwake mngurumo wa kompresa, pampu ya hewa ya mashine, ni kelele. Ule mlio wa "pshh" wa vali inayobadilishana mitungi ya zeolaiti kila baada ya sekunde chache, ambao fundi hodari huutumia kujua vali imekwama, unaweza kufutwa. Hata king'ora. Mkufunzi anasema "sikilizeni hapa," wenzake hawasikii lolote. Washeni mpangilio wa sauti halisi (Original Sound) wa Zoom kwenye kila kituo na mjaribu mlio kabla ya kuanza.

Akaunti ya bure hukata kikao cha kikundi baada ya dakika 40, kwa hiyo panga vipindi viwili. Rauta ikae kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) peke yake; konsentreta hula wati 350 hivi na itaimaliza upesi.

Na kabla ya yeyote kufungua kifuniko, plagi ionyeshwe kwenye kamera ikiwa imechomolewa. Asiyeionyesha asiguse bisibisi.