Sifa mbaya isiwe kibali cha virungu

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba mashabiki wa Uingereza wamejiharibia jina wenyewe, na kwa hiyo polisi wa nchi nyingine hawalaumiki wanapowapokea kwa virungu na mabomu ya machozi. Sehemu ya kwanza siipingi, kwani maafa ya uwanja wa Heysel, Brussels, ya mwaka 1985, pale mashabiki wa Liverpool walipowavamia wale wa Juventus, yaliyoua watu 39 na kuzifungia klabu za England mashindano ya Ulaya, hayafutiki. Sehemu ya pili ndiyo iliyozaa aibu ya Paris tarehe 28 Mei 2022, usiku wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kati ya Liverpool na Real Madrid, ambapo maelfu ya mashabiki wa Liverpool, wengi wao wakiwa na tiketi halali, walibanwa nje ya uwanja wa Stade de France na kupuliziwa gesi, watoto wakiwamo, huku waziri wa mambo ya ndani wa Ufaransa akidai kuwa watu 30,000 hadi 40,000 walikuja na tiketi bandia au bila tiketi kabisa. Uchunguzi ulioagizwa na UEFA yenyewe, yaani shirikisho la soka la Ulaya lililosimamia fainali hiyo (ajabu kidogo!) haukuthibitisha dai hilo, bali uliitwisha UEFA lawama kuu. Je, yupo msomaji aliyekuwa Saint-Denis, ulipo uwanja huo, usiku ule atueleze kama mashabiki wa Real Madrid nao walipokewa hivyo hivyo?